Jinsi ya Kung'atwa na Mbwa Wako Mwenyewe

Mbwa akimng'ata bwana wake, mara nyingi huwa amemwonya kwanza. Televisheni imewafundisha watu kulipuuza onyo hilo, hata kulinyamazisha, na mafunzo yenyewe yamefika hadi kwenye nyua za Kinondoni na Kasarani kwa ving'amuzi na kwa video fupi za simu. Nimeyaandika hapa hatua kwa hatua, pamoja na mahali ambapo kila hatua humfikisha mtu. Anayetaka kung'atwa na azifuate. Asiyetaka naye asome, hasa kama ana watoto nyumbani.

Hatua ya kwanza ni kuamini kwamba mbwa wako anataka kukupindua. Akikutangulia mlangoni, akipanda kochi, akivuta kamba, wewe sema anagombea cheo. Imani hii ina historia. Mwaka 1947 mtafiti Rudolf Schenkel alichapisha aliyoyaona kwa mbwa mwitu (wale wa nchi za baridi, si hawa wetu wa Selous) waliofungiwa katika bustani ya wanyama ya Basel, Uswisi. Walikuwa wamebanwa pamoja, hawana pa kukimbilia, wakawa wanapigania nafasi. Wazo la mtawala wa kundi, anayewatiisha wenzake kwa mabavu, lilitokana na hao. Mmarekani David Mech alilieneza katika kitabu chake cha mwaka 1970, kisha akaenda kuwatazama mbwa mwitu walio huru katika kisiwa cha Ellesmere, kaskazini kabisa mwa Kanada. Huko alikuta familia: baba, mama na watoto wao. Mwaka 1999 aliandika kwamba lile wazo la zamani halifai kuelezea kundi la kawaida porini, na baadaye akamwomba mchapishaji aache kukichapa kitabu alichokiandika yeye mwenyewe. Mwanasayansi wa namna hiyo anastahili heshima. Televisheni haikumsikiliza. Mwaka 2004 kipindi cha mkufunzi wa mbwa Cesar Millan, Dog Whisperer, kilianza kurushwa na National Geographic, kikaendelea hadi 2012, na nguzo yake ilikuwa kwamba mwenye mbwa sharti awe kiongozi wa kundi.

Ukishaamini hivyo, hatua ya pili inakuja yenyewe: mpindue mbwa chali, mkandamize chini mpaka asalimu amri. Ushauri huu ulipata umaarufu mwaka 1978 kupitia kitabu cha watawa wa New Skete, jimbo la New York, wanaofuga mbwa wa aina ya German Shepherd. Katika toleo la 2002 watawa hao hao waliukana. Aliyeona kipindi jana hajui hayo, na leo asubuhi amepiga magoti uani juu ya mbwa wa kilo 30, uso wake ukiwa shubiri moja kutoka kwenye meno. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania waliwahoji watu 140 waliokuwa wamepeleka mbwa wao kutibiwa tabia, wakachapisha matokeo mwaka 2009. Kati ya waliojaribu kumpindua mbwa chali, asilimia 31 walijibiwa kwa ukali. Kumkodolea macho kulileta asilimia 30. Kumpiga au kumpa teke, asilimia 43. Mbwa aliyeshikwa kwa nguvu haoni kiongozi mbele yake. Anaona hatari, naye anajitetea kwa alicho nacho mdomoni.

Hatua ya tatu ndiyo mbaya kuliko zote: mwadhibu akinguruma. Kunguruma ni lugha. Mbwa anasema, "Naogopa, sogea," na amekupa nafasi ya kusogea. Ukimchapa kila anaponguruma, ataacha kunguruma, lakini hofu itabaki ndani yake kama ilivyokuwa, na siku ikimzidi atang'ata bila kutoa sauti. Halafu jirani atakwambia, "Mbwa huyu ni wa ajabu, hakuonyesha dalili yoyote." Dalili alizionyesha miezi kadhaa iliyopita, akapigwa kwa sababu hiyo.

Televisheni yenyewe imewahi kutuonyesha jambo hili likitokea. Katika kipindi kimoja cha mwaka 2012 Millan aliletewa jike wa Labrador aitwaye Holly, aliyekuwa mkali akiwa na chakula. Holly alikuwa anakula bakulini. Millan akamsogelea, mbwa akakaza mwili, akanguruma, akaonyesha meno. Akapigwa kwa mkono shingoni. Akarudi nyuma, na mtu akazidi kumkabili na kumtazama. Ilipoonekana ametulia, mkono ukapelekwa karibu na mdomo wake, naye akaudaka na kuung'ata mpaka damu ikatoka. Ukiitazama tena picha hiyo pole pole utamwona Holly akilamba midomo, akigeuza kichwa pembeni, akirudi nyuma. Alikuwa anaomba yaishe. Kama mtu mwenye uzoefu wa miaka mingi hivyo, kamera zikiwa zimemzunguka, aling'atwa, basi baba wa nyumbani Tabata ana kinga gani?

Ukitaka kwenda mbali zaidi, amini kwamba mbwa aliyenyamaza amepona. Sisi Waswahili tunajua maana ya kufyata mkia, na hatujawahi kusema aliyefyata mkia ana raha. Mwaka 1967 watafiti Seligman na Maier walionyesha, kwa majaribio ya kikatili kwenye mbwa, kwamba wanyama wakishapata maumivu wasiyoweza kuyazuia, wengi huacha kabisa kujaribu, hata njia ya kutokea ikiwa wazi. Wanalala tu. Kwenye skrini mbwa wa namna hiyo anaonekana mtulivu, muziki laini unawekwa, mwenye mbwa anafuta machozi ya furaha. Saa nyingi za kazi zimekatwa zikawa kipindi kifupi, na wiki zinazofuata, hofu inaporudi, kamera hazipo tena.

Lile onyo la maandishi linalopita kwenye skrini, kwamba usijaribu haya bila mtaalamu, wewe lipite tu.

Nakubali kwamba Millan aliwahimiza watu wawatembeze mbwa wao kila siku, na hilo lina faida kubwa. Huku kwetu mbwa wengi wa ulinzi hufungiwa bandani mchana kutwa, wakifunguliwa ni usiku, kisha tunashangaa wanakuwa wakali. Matembezi yangewafaa kuliko kiboko.

Ninalolishikia bango ni kwamba hapa Afrika Mashariki jino la mbwa halikomei kwenye kidonda. Karibu watu wote wanaopata kichaa cha mbwa duniani, hadi asilimia 99, wamekipata kwa mbwa, na takriban wanne kati ya kila kumi wanaokufa ni watoto walio chini ya miaka 15. Dalili zikishaanza, hakuna tiba. Watoto ndio wanaoiga upesi yale ya kwenye simu, na kwa urefu wao meno hufika usoni na shingoni.

Kwa hiyo mbwa akinguruma, simama, geuka ubavu, mpe nafasi, kisha ujiulize kilichomtisha. Kama ukali umeanza ghafla, mpeleke kwa daktari wa mifugo kabla ya kutafuta mkufunzi. Sikio lenye usaha au jino bovu humfanya mbwa mpole akuonyeshe meno. Akiwa mkali bakulini, mwache ale peke yake, watoto wakae mbali. Ukitaka kumrekebisha, pita kwa umbali asioukunjia uso, umrushie kipande cha nyama, uende zako. Rudia kwa siku nyingi, ukipunguza umbali kidogo kidogo kadiri anavyotulia, mpaka mwenyewe afurahie kukuona unakuja. Haitapendeza kwenye televisheni, maana hakuna pambano.

Na mtu akishang'atwa, osha kidonda papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo ukaulizie chanjo, hata kama kidonda ni kidogo na mbwa ni wa nyumbani. Usipake mafuta ya taa wala dawa ya mitishamba ukangoja kesho. Kama hukumbuki mbwa wako alichanjwa lini, mpeleke wiki hii.