Uza Viatu, Usiuze Kanga: Mwongozo wa Mnadi Mpya wa Mchafukoge

Umefika Mtaa wa Uhuru, spika umeazima, maneno huna. Usihofu. Ule mfanano wa sauti ambao walimu wa fasihi huuita takriri konsonanti, mshairi wa Kiingereza huusaka usiku kucha. Wewe utapewa bure na ngeli.

Kwanza chagua bidhaa. Habari za mtaji na wateja waachie wachumi. Wewe angalia ngeli. Uza viatu: "Viatu vizuri, vipya, vyeusi, vimefika!" Hujatunga chochote, umepatanisha sarufi tu, lakini mpita njia atageuka akidhani amesikia malenga. Mikoba nayo huanza vizuri, mizuri, mipya, mikubwa, halafu kitenzi kinakusaliti: imefika. Umeachwa njiani na mi zako.

Kanga usiguse kabisa. Jaribu mwenyewe: kanga nzuri, mpya, kubwa, zimefika. Kila neno limekuja na mlango wake kama wageni waliogombana. Si ajabu kanga huchapwa jina lake juu ya pindo la chini. Ilijua mnadi hatamudu.

Jihadhari pia na maneno yenye asili ya Kiarabu. Safi, rahisi, ghali: hayavai kiambishi hata kwa kubembelezwa. Ukisema "viatu rahisi" wimbo umekatika. Kwa hiyo urahisi usiutaje. Ni kweli kwamba mteja wa Kariakoo husikia neno hilo peke yake kati ya yote unayopayuka, lakini sanaa ina gharama zake, na mwenye fremu atakuelewa mwisho wa mwezi.

Halafu usilewe. Mnadi akishazoea vi, huona vijana wanapita akawapokea kwa "vijana vizuri, karibuni!" Kijana ana ki mdomoni tu, kisarufi ni mtu, ni mzuri, na wakiwa wengi ni wazuri. Ukiwaita vizuri umewapanga rafu moja na viatu, na watakujibu kwa lugha isiyo na takriri.

Ukiishiwa, ziko methali. Iliyo tamu kuliko zote kwa biashara ni hii: chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Itangaze kwa sauti kubwa ukiwa nyuma ya meza yako, ila tazama kwanza kama hapiti machinga aliyebeba mashati begani tangu Mnazi Mmoja, hasa ikiwa chenji yako bado iko mfukoni mwake.