Mjuaji Akitua Chovai: Namna ya Kujua Kilichochanganyika, Kilichoyeyuka na Kilichoungana

Ukishuka Chovai, katika safu ya visiwa vinavyotoka Kismayu kuelekea Ras Kiamboni, ujuaji wako uache mashuani. Ujuaji ninaousema ni ule wa kuchungulia bakuli na kutoa hukumu papo hapo, kwamba vitu viwili vikikutana chombo kimoja basi ni mchanganyiko, kesi imekwisha. Jicho ni hakimu dhaifu katika mambo haya. Shuka na swali moja tu: nikitaka kuvitenganisha vitu hivi, nitavitenganisha kwa nini?

Vikitengana kwa mkono, kwa chujio au kwa kutulizwa, una mchanganyiko wa kawaida. Chujio likishindwa, lakini jua au moto ukakirudisha kimoja na kukifukuza kingine, una myeyusho, yaani mchanganyiko uliochanganyika hadi chembe za mwisho. Na chujio na jua vyote vikishindwa, na kitu chenyewe kikawa na tabia ambayo wazazi wake wawili hawakuwa nayo, hapo umekutana na kampaundi.

Anza na wepesi. Mchele wenye mchanga ni mchanganyiko. Ungo unatosha, na bibi yeyote atakuonyesha kabla hujamaliza kuuliza. Chai ya sukari ni myeyusho. Upepo wa kusi unaokupiga usoni nao ni myeyusho wa hewa mbalimbali, naitrojeni kiasi cha asilimia 78 na oksijeni kiasi cha asilimia 21.

Kwenye tui la nazi ndipo mjuaji huumbuka. Ni jeupe, ni laini, halina chembe inayoonekana, naye ataapa kwamba limeyeyuka. Mwambie alitulize usiku mmoja: mafuta yatapanda juu na maji yatabaki chini. Kama hana subira, atie matone machache ya tui katika glasi ya maji, azime taa, kisha amulike ubavuni kwa tochi ya simu. Njia ya mwanga itaonekana ndani ya glasi, kwa kuwa vitone vya mafuta ni vikubwa vya kutosha kuutawanya. Afanye vivyo hivyo kwa maji safi ya chumvi, na mwanga utapita bila kuacha alama.

Sasa kisima, na hapa sina mzaha hata chembe. Katika visiwa vya matumbawe maji ya mvua hujikusanya mwambani juu ya maji ya bahari, kwa sababu ni mepesi kuliko hayo. Kisima kikitekwa kupita kiasi, maji ya chini hupanda na ndoo hutoka na chumvi. Kitambaa safi kitaondoa mchanga na viluwiluwi vya mbu. Kuchemsha kutaua vijidudu vya maradhi. Chumvi haitaondoka kwa lolote kati ya hayo mawili. Kinachopaa sufuriani ni maji, kwa hiyo ukichemsha sana unabaki na maji yenye chumvi zaidi, na kuni zako zimekwenda bure. Maji matamu yako kwenye mvuke. Inamisha kifuniko juu ya sufuria, matone yake yadondokee bakuli la pembeni, uonje hayo. Yanapatikana kwa uchache na kwa kuni nyingi, ndiyo maana maji ya mvua yanastahili heshima na birika lenye kifuniko.

Bahari yenyewe ina kiasi cha gramu 35 za chumvi mbalimbali katika kila lita. Wakati wa kaskazi, maji yaliyonaswa katika mashimo ya mwamba hukauka yakaacha chumvi nyeupe. Ukitaka chumvi ya kula, usingoje shimo likauke kabisa. Chumvi ya mezani hutangulia kuganda, na maji machache yanayobaki huwa na magnesiamu, machungu, yamwage mapema. Chumvi uliyoiokota nayo ni kampaundi ya sodiamu, metali laini inayolipuka majini, na klorini, hewa ya sumu. Jua lote la Chovai halitazitenganisha hizo mbili.

Lakini somo lenyewe liko katika chokaa. Nyumba za mawe za pwani hii zilishikwa kwa chokaa, na chokaa ilitoka kwenye matumbawe yaliyopangwa juu ya rundo la magogo na kuchomwa. Wapwani walikuwa wakiwasha matanuu hayo karne nyingi kabla ya Joseph Black wa Uskoti kuchapisha, mwaka 1756, vipimo vyake vya hewa inayotoka katika mawe ya aina hii. Jiwe likifika joto la karibu nyuzi 900, hewa ya ukaa inatoka. Kila kilo 100 za jiwe safi hutoa kilo 44 za hewa hiyo na kubakiza kilo 56. Hesabu hiyo haibadiliki, uchome Chovai au uchome Roma. Sukari unatia chaini kwa kadiri ya ulimi wako, lakini kampaundi ina vipimo vyake na haikuombi rai.

Kilo hizo 56 zikikutana na maji hushika kilo 18 za maji, na hutoa joto kali la kuchemsha na kurusha matone. Waweke watoto mbali, ukinge macho yako. Kisha chokaa hiyo, ikikandwa na mchanga na kupakwa ukutani, hunywa hewa ya ukaa polepole na kurudi kuwa jiwe lilelile. Dondoshea ndimu chokaa kuukuu iliyobanduka kwenye gofu: povu linalotoka ni hewa ileile ikitoka tena. Sijui kitabu cha shule chenye somo zuri zaidi ya ukuta huo, na tangu 1991, Wabajuni wengi, wenyeji wa visiwa hivi, walipokimbia vita vya Somalia kwenda Mombasa na kwingineko, walimu wa somo hilo wametawanyika. Aliyebaki naye aulizwe sasa.

Aulizwe na habari ya deheni, ile ya shahamu na chokaa inayopakwa chini ya chombo. Mjuaji atataka jina moja, na deheni haina jina moja. Vikipikwa pamoja, sehemu ya shahamu huungana na chokaa ikawa aina ya sabuni isiyoyeyuka majini, na sehemu nyingine hubaki imechanganyika tu, kwa kadiri ya mkono wa fundi. Tia kipande chake katika maji ya moto: shahamu iliyozidi itaelea juu kama macho ya mafuta kwenye mchuzi, na kitakachobaki kigumu ni sabuni ile pamoja na chokaa yoyote ambayo haikuungana. Ukiona macho ni mengi, rudi kwa fundi umwambie aongeze chokaa.