Mgema Asiyesifiwa

Malindi, mvinyo wa Italia hupokewa kama balozi: mhudumu hutaja kilima, zabibu na mwaka, mgeni hunusa, akaitikia kwa kichwa, akalipa. Kaloleni, mgema hukwea mnazi alfajiri na jioni, na wazee wa Kimijikenda hawasikilizi posa bila kadzama ya tembo. Ila tangu sheria ya pombe ya 2010, ile iliyopewa jina la aliyekuwa mbunge Mututho, anayewahi kufika mangweni, kunakouzwa tembo, si mtalii, ni askari. Kisha warsha huitishwa hotelini, kujadili jinsi vinywaji vya kienyeji vitakavyoinua vijiji. Wajumbe hushushia mvinyo wa Toscana. Wahenga walionya kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Wakubwa wetu ni wasikivu: hawajamsifu hata siku moja.