Mimi Si Daktari: Barua kutoka Houston

Shangazi, shikamoo. Baba Mkubwa, shikamoo. Na nyie wengine mliojaa hapo barazani, Barabara ya Kumi na Mbili, mnaojifanya mnakunywa kahawa kumbe mnasikiliza barua ya watu, asalaam aleykum.

Nianze na hili la udaktari, maana limeshavuka mipaka. Juzi nimetumiwa picha ya goti. Sura ya mwenyewe haimo, ni goti tu, limevimba, na chini yake pameandikwa: "Dokta, hili tunalifanyaje?" Kabla ya hapo ilikuja eksirei iliyoegemezwa dirishani ndipo ikapigwa picha, kwa hiyo katikati ya mbavu za mgonjwa unauona mwembe wa jirani umezaa vizuri. Muuza mkaa naye ana ngiri na anataka nimwambie apasuliwe au aiache. Aende hospitali ya Bombo, na aende leo. Shangazi, namba yangu hawa wameipata kwako, usinisingizie mitandao.

Najua lilipoanzia. Nilituma picha nimevaa skrabu za bluu, kipimo cha presha mkononi. Halafu mtu akakusomea kwamba Houston ndiko iliko Texas Medical Center, mji mzima wa hospitali, mkubwa kuliko yote ya aina yake duniani, na kwamba mji huu ndiko daktari Denton Cooley alikompandikiza mtu moyo wa bandia mwaka 1969. Ukajumlisha, jibu likatoka daktari. Hospitali zipo kweli, ghorofa juu ya ghorofa. Mimi nazipita alfajiri nikiwa nasinzia kwenye basi, kwenda ng'ambo ya mji kwenye nyumba ya kutunzia wazee.

Nilichosomea ni unesi msaidizi, wenye cheti. Nesi ndiye anayetoa dawa. Mimi hata Panadol siruhusiwi kumpa mtu. Kusema mtu anaumwa nini pia siruhusiwi, na hapa wewe Shangazi ungefukuzwa siku ya kwanza, kwa sababu pale mtaani magonjwa ni matatu, malaria, UTI na jicho la mtu, na wewe unayatambua mgonjwa akiwa bado yuko upande wa pili wa barabara. Huku naandika nilichokiona basi: amekula nusu sahani, kisigino cha kushoto kimekuwa chekundu, mkojo mililita kadhaa. Kinachofuata ni cha nesi.

Huo mkojo nao una mtihani wake. Unaumimina kwenye jagi lenye alama, unaliweka jagi mahali tambarare, kisha unainama mpaka jicho liwe sawa na alama ndipo usome. Kwa hiyo siku ya mtihani mtoto wenu alipiga magoti mbele ya jagi la maji ya njano, msimamizi kasimama juu yangu na kalamu, nikasoma kwa heshima zote. Ukikosea kwa zaidi ya mililita 25, huna chako. Wauza mafuta ya taa wa Ngamiani wangepimwa hivi, nusu yao sasa hivi wangekuwa ndani.

Mkisikia kozi msidhani ni semina ya soda na biskuti. Kuna sheria ya nchi nzima, Rais Ronald Reagan aliitia saini Desemba 1987, inayotaka msaidizi wa nyumba hizi afunzwe saa zisizopungua 75 na afaulu mtihani ndipo aandikwe kwenye daftari la jimbo. Texas wakaona 75 hazitoshi, wakaweka 100: 60 za darasani, 40 za kwenye vitanda vya watu. Saa mia za kujifunza kuosha, kuvisha, kulisha na kugeuza. Wenzangu waliotangulia huku Unyamwezini, wale wanaobeba boksi maghalani, waliposikia walishika mbavu. "Yaani umekaa darasani ufundishwe kunawa mikono?" Ndiyo, nimefundishwa. Sekunde 20 za kusugua, vidole vinaelekea chini, kucha kwenye viganja, usiguse karo, na bomba unalifunga kwa karatasi kwa sababu ulilifungua na mkono mchafu. Ukisahau hiyo karatasi umeshaharibu, urudi foleni na nauli nyingine.

Darasani tulikuwa mchanganyiko. Mama wa Kinijeria mwenye watoto wakubwa kuliko mwalimu, Mfilipino aliyekuwa mhasibu kwao, Mkongomani wa Bukavu ambaye mimi na yeye tulisengenya wote kwa Kiswahili, na bibi mmoja wa plastiki anayelala kitandani mwaka mzima, mguu wake wa kushoto huchomoka ukimgeuza kwa pupa. Bibi huyu ana haki zake. Kabla hujamgusa unabisha hodi kwenye mlango usiokuwepo. Unamsalimia, unajitaja jina, unamweleza unachotaka kufanya, unavuta pazia asionekane, na hapo ndipo unafunua shuka, sehemu unayoiosha tu. Ukimaliza unashusha kitanda chini na kumwekea kengele pale mkono wake unapofika. Mkono wa plastiki. Mkongomani alisema kwao ukikutwa unaiomba sanamu ruhusa ya kuivua soksi, mchungaji anaitwa usiku huohuo. Lakini alama zipo hapo. Mfilipino alitandika kitanda kona zimenyooka utadhani anafungasha zawadi, kengele akaisahau mezani, akaanguka mtihani.

Nilidhani ni mbwembwe za Wazungu mpaka mwalimu alipotueleza chanzo. Mwaka 1986 Institute of Medicine walitoa ripoti kuhusu nyumba hizi, wazee wanapuuzwa, wanaonewa, na mwaka uliofuata ndipo sheria ikaja, ikakataza hata kumfunga mtu kwenye kiti ili wahudumu wapumzike. Tangu siku hiyo nabisha hodi bila kukumbushwa. Nchi ikilazimika kuandika kwenye sheria kwamba mzee asifungwe kamba, ujue kamba zilikuwepo.

Sasa Shangazi, najua unachokisubiri. Unataka nikusimulie ya ndani: nani analia usiku, nani ana wanawe wawili hawasemezani. Kuna sheria nyingine, ya 1996, inayomziba mdomo kila mhudumu anayejua siri ya mgonjwa, na jina silitaji hata mkinitumia halua. Niseme tu kwamba yupo mzee, na wa namna yake wako wengi, asiyetaka kuoga. Na haki iko upande wake. Akisema hapana ni hapana. Mimi namwarifu nesi, nasubiri, narudi kujaribu tena. Nikamrudia na taulo limetoka kwenye mashine ya kukaushia, bado la moto, nikamfunika mabegani, habari ya maji sikuigusa. Akafumba macho. Baadaye akauliza, mengine ya hivi yapo? Nikamwambia yapo matatu, na yote yako bafuni. Alinitazama kwa muda, kama mtu aliyejua kabisa anaingizwa mjini, kisha akanyoosha mkono nimsogezee kiti chake cha magurudumu.

Siku nyingine siingizi mtu mjini, naingizwa mimi. Yuko anayepaliwa na maji, kwa hiyo maji yake yanatiwa unga maalumu mpaka yawe mazito kama uji ndipo yanywewe. Ananisifu tai ambayo sijavaa, nikiinama kuitafuta, anadaka kikombe cha jirani. Ana miaka mingi kuliko Tanganyika African Association na mkono mwepesi kuliko kibaka wa stendi.

Baba Mkubwa, nisamehe nakusema mbele za watu. Nimeiona video ya harusi, nimeona vijana wawili wanavyopigana na ile kanzu kukuvisha. Tangu kiharusi kikushike mkono wa kulia wanaanza na mkono mzima, halafu ule mgonjwa wanaukunja kuutafutia tundu. Ni kinyume. Mkono mgonjwa uingie kwanza, mzima ufuate, utajitafutia njia wenyewe. Wakati wa kuvua, mzima utoke kwanza. Na ukisimama kutembea, anayekushika asimame upande wa kulia, nyuma kidogo. Asikuvute mkono. Kama ni kuanguka, asikudake kishujaa mkaanguka wote wawili, akusindikize taratibu mpaka chini.

Bibi naye, kule chumba cha uani, ageuzwe kila baada ya saa mbili, hata kama amelala vizuri, hata kama wageni wapo. Mto uwekwe chini ya mashavu ya miguu ili visigino vining'inie visiguse godoro. Mkiona wekundu usiopotea mkibonyeza, msisugue wala msipake mafuta ya nyonyo, mpelekeni hospitali. Vidonda vya kulalia vinaanza hivyo, na vikishachimbika havina haraka ya kupona.

Na hii habari ya "Wazungu wanatupa wazee wao", ipumzisheni kidogo. Wapo waliotupwa, nimewavalisha mimi mwenyewe siku ya Krismasi na hakuna aliyekuja. Wapo pia ambao binti anafika kila jioni akitoka kazini, anafunua shuka na kutukagua kuliko mkaguzi wa serikali. Sisi tusiotupa, hebu tuulizane, ni nani anayemwogesha Bibi? Baba Mkubwa hapana. Wajukuu wa kiume ndiyo kabisa, mimi niliona chombo cha kujisaidia kitandani kwa mara ya kwanza nikiwa Texas. Ulikuwa wewe Shangazi, miaka mingi, mpaka mgongo ukagoma. Sasa ni yule dada wa kazi wa kutoka Lushoto. Anamgeuza peke yake, anamwosha peke yake, pampasi za wakubwa anabadilisha saa nane za usiku, halafu asubuhi anakaanga vitumbua. Huku kazi ya zamu yake moja tungegawana watu wawili na mashine ya kunyanyulia. Na mshahara wake akiulizwa mtu pale nyumbani, mnajibu kwa sauti ya chini.

Kwa hiyo sikilizeni mgawanyo. Nimetuma fedha kwenye M-Pesa ya Shangazi. Kuna ya godoro la hewa la Bibi, lile la kujipuliza lenyewe, msininunulie sponji mkaniambia ni hewa. Kuna ya dawa za presha za Baba Mkubwa. Iliyobaki yote ni ya dada, juu ya mshahara wake, na itakuja kila mwezi. Shangazi, nakupenda na hesabu zako nazijua tangu zama za mchango wa maulidi, kwa hiyo yeye nimempigia kabla yako, nimemtajia kiasi chake mpaka senti. Alicheka sana, akasema bora nimwambie mimi.

Basi linakuja. Nisalimieni wote, na mwenye goti aoshe kwanza ndipo apige picha.

Mwanenu,
Houston