Sauti Imekwama Ofisi Gani?

Kompyuta ikifa kabisa, unajua la kufanya: unasikitika, unaifunika, unampelekea fundi. Hii yangu haijafa. Inawaka, inafungua mafaili, inaonyesha filamu, na watu ndani ya filamu wanagombana hadi mishipa ya shingo imewatoka, ila sauti hakuna. Pembeni juu ipo alama ya spika na mawimbi yake, ikinihakikishia kwamba hapa pana sauti asilimia mia. Ukiingia kwenye mipangilio unakuta kijimstari kinachezacheza kufuata maneno ya filamu. Maana yake kompyuta yenyewe inasikia. Asiyesikia ni mimi niliyeinunua.

Aliyeniwekea Ubuntu ni mpwa wangu. "Mjomba, hii ni Linux. Haina virusi, haina mambo ya leseni, na ni bure." Hakunidanganya. Virusi sijaviona na leseni sijaulizwa na mtu. Nilipompigia kuhusu sauti akasema, "Ah, Mjomba, hiyo ndogo tu." Kijana wa kompyuta akikwambia jambo ni dogo, ghairi mipango yako ya jioni.

Nilikuja kuelewa kwamba sauti kwenye Linux haitoki tu hivihivi. Inapita ofisini. Ofisi ya kwanza iliitwa OSS, ikafunguliwa mwaka 1992 na Hannu Savolainen wa Ufini, na kwenye kadi nyingi za sauti ilikuwa na kaunta moja: programu moja ikiishika kadi, wengine wakae kwenye benchi. Kisha mwaka 1998 Jaroslav Kysela, raia wa Ucheki, akaanzisha ALSA, iliyotokana na draiva aliyoiandikia kadi ya Gravis Ultrasound. Hiyo ikapanda cheo, ikaingia rasmi kwenye keneli, yaani kiini cha Linux, toleo la 2.6 lililotoka Desemba 2003. Mtu mwenye akili angefunga jalada hapo. Lakini mwaka 2004 Mjerumani Lennart Poettering akaanza kujenga ghorofa ya juu yake, ndiyo hiyo PulseAudio, na Ubuntu ilipoipokea Aprili 2008 watu walilalamika hadi wengine wakawa wanaing'oa kwa mikono yao. Ilipoanza kuzoeleka, akaja Mbelgiji Wim Taymans na PipeWire. Wenye Linux ya Fedora wakaihamia mwaka 2021, wa Ubuntu mwaka uliofuata.

Sasa mngedhani mkubwa mpya akiingia, wa zamani anastaafu. Wapi! ALSA bado yuko chini, ndiye mwenye funguo za kadi. Na PipeWire, ili programu za zamani zisishtuke, anavaa kofia ya PulseAudio na kuitikia kwa jina hilo. Nimemuuliza mwenyewe kwenye lile dirisha jeusi la kuandikia amri: msimamizi wa sauti hapa ni nani? Akajibu kwamba ni PulseAudio, halafu kwenye mabano akanong'ona kuwa yumo ndani ya PipeWire. Ukimfuata huyu, faili limeshatoka kwake. Ukimfuata yule, kwake halijafika. Wote wana adabu na wote hawana kosa.

Na kama kuna ofisi, kuna hewa. Linux ikishindwa kabisa kuiona kadi yako ya sauti, haikwambii kwamba imeshindwa. Inakuandikia kuwa ina spika, jina lake Dummy Output. Haipo popote duniani, lakini kwenye orodha imo, na unaweza kuipandisha na kuishusha sauti upendavyo. Nchi hii tulishafanya uhakiki wa wafanyakazi hewa. Spika hewa hakuna aliyezikumbuka. Laptopu nyingi mpya za Intel huangukia hapo, maana chipu yake ya sauti haitamki neno mpaka ipewe faili lake maalumu, liitwalo SOF. Wenye chipu hizo angalau wana la kushika. Mimi kadi yangu imeonekana, imesajiliwa, ina jina na namba.

Kabla ya yote mpwa akataka nihakikishe sauti haijaelekezwa kwenye HDMI. Kumbe kuna wakati ukichomeka waya wa HDMI, kompyuta inatuma picha na sauti vyote huko, hata kama huko ni kioo kitupu kisicho na spika hata moja. Yangu ilikuwa haijachomekwa popote. Basi, akasema, tumia hedfoni za Bluetooth kwa sasa, Mjomba.

Nikazitumia, tena siku ya kikao cha kamati ya harusi, kilichofanyika mtandaoni kwa sababu wajumbe tumetawanyika. Kwanza muziki ulitoka safi kabisa, nikatabasamu peke yangu. Kikao kikafunguliwa, maiki ya hedfoni ikawaka, na hapo hapo Bluetooth ikabadili njia: kutoka ile ya muziki kwenda ile ya simu. Hayo ni maumbile yake, ukitaka kusikia na kusema kwa pamoja ubora unashuka. Lakini yangu haikushuka, ilihama. Ikabaki midomo. Mwenyekiti akasema kitu, wote wakacheka, nami nikacheka. Mweka hazina akanyoosha vidole vitatu, akanitazama. Mimi natazama vidole, nabonyeza vitufe, kimya changu kikahesabiwa ridhaa. Usiku kwenye kundi la WhatsApp nikakuta jina langu: laki tatu, na kreti za soda. Ukibisha mchango wa harusi kwa hoja ya Bluetooth hakuna wa kukuelewa.

Ndipo nilipokaa chini na lile dirisha jeusi, nikaandika alsamixer. Hapa niwasifu, wamejitahidi. Zinasimama nguzo za rangi, kijani chini, nyekundu juu. Mwanzoni inakuonyesha nguzo moja tu, ile ya wageni. Bonyeza F6, chagua kadi yenyewe, ndipo wahusika wote wanapojitokeza: Master, Headphone, Speaker. Chini ya kila nguzo pana kikasha. Kikiandikwa 00, pako wazi. Kikiandikwa MM, mhusika amefungwa mdomo. Master 00. Headphone 00. Speaker MM. Nikabonyeza herufi M, pakafunguka. Nikazipandisha nguzo zote hadi mwisho, kwa hasira. Nikarudi kwenye filamu: kimya. Nikarudi kwenye nguzo: Speaker MM. Kuna mtu anapita nyuma yangu anafunga milango.

Mtu huyo nimemkuta mwisho kabisa wa mstari, kulia, anakofikiwa kwa mshale tu. Anaitwa Auto-Mute Mode. Kazi yake ni kutazama tundu la hedfoni: waya ukiingia, yeye ananyamazisha spika. Laptopu yangu ni ya mtumba, na tundu lake limeonja vumbi la nchi zaidi ya moja, kwa hiyo yeye anaapa kwamba humo ndani kuna hedfoni. Ukimwonyesha tundu tupu haamini. Nikamzima. Nikamfungua Speaker tena, nikasubiri. Akabaki 00.

Ilikuwa saa sita usiku, nyumba imelala. Kuna amri ya kujaribu spika, speaker-test -t wav -c 2, nikaiandika nikabonyeza Enter. Zile nguzo bado zilikuwa pale pale nilipozipandisha.

"FRONT LEFT!" akapiga kelele mwanamke wa Kizungu sebuleni kwangu. Halafu, "FRONT RIGHT!" Kisha akarudi kushoto, maana amri ile haina mwisho mpaka uikatize.

Mlango wa chumbani ukafunguka.

"Baba Neema, huyo mwanamke ni nani?"

Mikono yangu ilikuwa inatafuta vitufe vya kumnyamazisha, nikatoa jibu la kwanza lililonijia, tena la kweli tupu. "Huyu? Ni ALSA."

"ALSA wa wapi?"

"Wa Ucheki."