Daraja la Paka, Njia ya Mbuzi

Ukitaka kujua maradhi ya ngamia, njoo Wajir. Mtoto wa darasa la tatu atamtazama mnyama kwa mbali, huku anatafuna kalamu, akwambie anachechemea mguu upi, tangu lini, na babu yake angemtibu vipi. Maradhi ya mbuzi hata usiulize, utaambiwa tu. Lakini uliza habari za paka mzee aliyekakamaa viungo, uone watu wazima wanavyokuchunguza usoni kuhakikisha jua halijakudhuru.

Paka mwenyewe anaitwa Nahodha. Nilikuja naye kutoka Lamu, mji wa paka na punda, nilipohamishiwa huku kufundisha. Tulipita Garsen, Garissa na Modogashe, yeye akiwa ndani ya kikapu cha ukindu. Njia hiyo ina vizuizi, na kila kizuizi ni kitambulisho mkononi. Kwenye kimoja askari alifunua kikapu, wakatazamana na Nahodha, kila mmoja akimsubiri mwenzake aanze. "Na huyu kipande chake kiko wapi?" akauliza. Gari zima likacheka, isipokuwa Nahodha.

Wako wanaoniuliza kwa nini mnyama wa nchi kavu apewe jina la baharini. Nawajibu kwamba mimi si wa kwanza. Maafisa wa Kiingereza wa zama za ukoloni walikuwa na klabu yao papa hapa wakaiita Royal Wajir Yacht Club, na kutoka hapa hadi baharini ni mamia ya kilomita za mchanga na miiba. Nahodha ana haki kuliko wao. Yeye angalau amewahi kuiba samaki jahazini.

Sasa ametimiza miaka 14, ambayo kwa hesabu za madaktari wa wanyama ni sawa na mtu wa miaka 72 hivi. Mtaani anaheshimika. Paka hana kesi katika nyumba za Waislamu, na hapa hakuna asiyemjua Abu Huraira, swahaba aliyepata jina lake kwa sababu ya kijipaka chake. Jirani yangu muuza maziwa ya ngamia, ambaye mtaa mzima humwita Eeddo, alikuwa akimmiminia maziwa asubuhi kabla hajawauzia binadamu.

Zamani Nahodha alikuwa anaruka kutoka sakafuni hadi dirishani, na kutoka dirishani hadi juu ya mabati, bila kuaga. Kisha akaanza kukaa chini ya dirisha na kulitafakari. Manyoya ya mgongoni yakafanya mafundo, kwa kuwa hakuweza tena kujipinda akajiramba. Kucha zikarefuka, maana hakuna alichokwaruza. Siku moja zikanasa kwenye mkeka aliokalia mgeni wangu, na Nahodha alipotaka kuondoka, mkeka ukaondoka naye. Mgeni, mtu mzima mwenye ndevu zilizopakwa hina, alijiona anavutwa taratibu kuelekea mlangoni na asimwone anayemvuta. Alisoma Ayatul-Kursi yote. Tangu siku hiyo nampunguza kucha, ncha tu, na nyuma nampiga brashi mwenyewe.

Kuchechemea hakuchechemei, na hilo ndilo linalowapoteza watu. Miguu ikiuma pande zote mbili, achechemee upi? Paka huficha maumivu. Mwaka 2002 watafiti wa Marekani walizitazama picha za eksirei za paka 100 waliozidi miaka 12, wakakuta 90 kati yao wana viungo vilivyochakaa. Wengi wa hao, nyumbani kwao, bila shaka walikuwa wanasemwa wavivu.

Nilipoanza kutafuta tiba, ushauri haukukosekana. Mzee wa nyumba ya pili ni bingwa wa ngamia, na ngamia anayechechemea huku huchomwa kwa chuma cha moto penye kiungo. Alikuja na fimbo yake, akachuchumaa kwa taabu, magoti yakilia, akampima Nahodha nyongani kwa kiganja, kisha kwa vidole viwili, kisha kwa kimoja. "Mwalimu," akasema kwa masikitiko ya kitaalamu, "huyu hana nafasi ya chuma."

Katika chumba cha walimu mwenzangu mmoja alitoa Panadol mfukoni, akaikata. "Mpe nusu tu, atalala." Hapo nitaacha mzaha kidogo. Ini la paka halina uwezo wa kuivunja parasetamoli kama la mtu; damu yake huharibika ikashindwa kubeba hewa, fizi zikageuka rangi ya matope, na kidonge kimoja chatosha kumuua. Vidonge vyetu vingine vya maumivu, ibuprofeni na diklofenaki, navyo si vyake. Nilimrudishia nusu yake, akaimeza mwenyewe, akasema kichwa kilikuwa kinamuuma kwa sababu ya paka wangu.

Kwenye duka la dawa za mifugo kijana aliniuliza swali moja tu: "Kilo ngapi?" Mezani kwake palikuwa na chupa za sindano za ngamia, mnyama wa kilo mia nne, mia tano. Nikamwambia sijui, labda nne. "Mia nne?" Nne. Akafunika chupa.

Swali lenyewe lilikuwa zuri, ila mizani ya paka utaipata wapi? Nilimtia Nahodha kikapuni nikaenda naye bucha, penye mizani ya kuning'iniza. Mwenye bucha ni mtu mwema, akanipeleka ubavuni mwa duka watu wasione. Lakini Nahodha alipojiona ananing'inia kwenye ndoana, akatoa sauti ambayo sijawahi kuisikia wala Lamu wala Wajir. Foleni yote ikageuka. Mteja mmoja aliyekwisha kufungiwa kilo mbili za mbuzi alizitazama, akalitazama kapu, akazirudisha polepole juu ya meza. Ilibidi niwafunulie waone kwamba anayepimwa yu hai na hauzwi. Mizani ilisema kilo saba kasoro, na umbo lake lilikuwa linataka nne na nusu. Kilo mbili za ziada, zote za Eeddo, juu ya magoti ya mzee wa miaka 72.

Kumkatiza Eeddo maziwa hayo kulihitaji mazungumzo kuliko mahari. "Mzee hanyimwi maziwa," alinijibu, na kwa mila ya huku alikuwa na hoja. Tukakubaliana kijiko kimoja, cha heshima.

Nyumbani nako nikaanza ujenzi. Kwanza choo: ukuta wa beseni lake la mchanga ulikuwa umemshinda kuuruka, akawa anafanya haja kandokando, penye viatu vyangu. Nikakata mtungi wa lita 20 kwa urefu, upande mmoja nikauteremsha karibu na sakafu, nikajaza mchanga. Katika mji huu maji ya ardhini yako karibu mno, mashimo ya vyoo ni taabu kuchimba, na watu wametumia vyoo vya ndoo kwa miaka mingi. Kwa hiyo hata majirani waliocheka mengine yote, hili hawakulicheka.

Kisha daraja. Fundi seremala alinitengenezea ubao mrefu wa kuegemeza dirishani, nikaubandika kipande cha zulia asiteleze, ili Nahodha apande akaote jua la asubuhi kwenye kizingiti. Joto huvilegeza viungo, na kwa joto Wajir hatuna uhaba. Nahodha aliunusa ubao, akaketi karibu nao, akaendelea kulitafakari dirisha.

Aliyeufahamu ubao mara moja ni mbuzi wa mzee wa nyumba ya pili. Niliporudi kutoka msikitini Ijumaa nilimkuta ndani, juu ya meza, amemaliza karibu mitihani yote ya Kiswahili ya kidato cha pili na anaanza ufahamu. Nahodha alikuwa chini amelala. Jumatatu nilisimama mbele ya darasa nikatamka kwamba karatasi zao zimeliwa na mbuzi, udhuru ambao wao wameniletea tangu nifike, na ambao sijawahi kuukubali hata mara moja. Kimya chao kilikuwa cha adabu, ila mabega yalitikisika.

Nikauhamishia ubao ndani, kutoka sakafuni hadi kitandani, nikaweka vipande vya nyama katikati ya njia. Hapo Nahodha akakubali kuwa ubao una maana.

Mwisho nilimpigia daktari mmoja wa wanyama kule Meru. Aliniambia paka akifika kwa daktari hujitia uzima kwa hofu, kwa hiyo nimrekodi nyumbani akitembea, akipanda, akishuka. Majirani wakaniona nakwenda kwa magoti nyuma ya paka, simu mkononi, nikimbembeleza apande. Likizo ya Agosti tukasafiri. Daktari alimkunjua kiwiko kwa kiwiko, nyonga kwa nyonga, akachukua damu kutazama figo kwanza, kwa sababu dawa ya kutuliza viungo ikikuta figo mbovu huzimaliza, na paka wazee figo zao si za kuaminiwa. Zilikuwa salama. Akanipa meloksikamu ya maji ya paka, kipimo kidogo sana kulingana na uzito, na masharti: chakula kwanza, maji tele, na asipokula au akitapika, simamisha unipigie. Chupa ya pili ilikuja na gari la miraa. Si dharau kwa posta, lakini mtu mwenye haraka Wajir anajua gari lipi halichelewi.

Baada ya majuma kadhaa nilisikia hodi. Ni Eeddo, ameshika bakuli tupu.

"Mwalimu, mgonjwa wako amepona. Amepanda rafu yangu ya juu."

Nikatoa pesa za maziwa bila kubishana. Akazifunga kwenye pindo la shashi yake, lakini hakuondoka. Akatazama nyuma, akashusha sauti. "Hiyo dawa imebaki? Magoti yangu haya, ngazi ya hospitali imenishinda."

Nikamweleza kwamba haifai, hiyo ni ya paka, na kipimo chake ni matone kwa kilo ya mnyama. Aende kwa daktari wa watu, atapewa yake. Alifikiri kidogo.

"Kwa kilo," akasema. "Basi ile mizani ya bucha, inafika ngapi?"