Ombi la Kibao: Barua ya Wazi kwa Wenye Nyumba ya Nyani

Kwa Wakurugenzi,
Wildlife Conservation Society,
Bronx, New York.

YAH: KIBAO KIPYA KATIKA NYUMBA YA NYANI

Waheshimiwa,

Husikeni na mada tajwa hapo juu.

Awali ya yote nawapongeza kwa utunzaji wa kumbukumbu. Zipo ofisi zinazopoteza faili la aliyestaafu juzi, lakini bustani yenu ya wanyama ilijua mpaka uzito wa kijana iliyemweka katika Nyumba ya Nyani mwezi Septemba 1906. Kibao kilieleza kila kitu: jina Ota Benga, umri miaka 23, kimo futi 4 na inchi 11, uzito ratili 103, ametoka Mto Kasai, Kongo, ameletwa na Samuel Verner, ataonyeshwa kila alasiri mwezi mzima. Kilichosahaulika ni kitu kidogo tu: kueleza mtu anafanya nini katika nyumba ya nyani.

Nyumba ilikuwa bado mpya, imefunguliwa mwishoni mwa 1901. Kijana akapewa mwenzake, orangutani aitwaye Dohong, na mifupa ikatawanywa sakafuni ili mtazamaji asipate taabu ya kufikiri mwenyewe. Jumapili moja walifika bustanini watu wapatao 40,000. Wahenga wetu walisema nyani haoni kundule. Wangefika Bronx siku ile, wangewaomba radhi nyani.

Wala msidhani namwona mkurugenzi wenu wa kwanza, William Hornaday, kuwa mtu asiye na huruma. Desemba 1905, katika Nyumba ya Simba ya bustani hiyohiyo, kilianzishwa chama cha kuwaokoa nyati wa Marekani wasitoweke, naye akawa rais wake. Mwaka 1907 nyati 15 walipakiwa kwenye treni kwenda kuanza maisha mapya Oklahoma. Ukitaka huruma ya Hornaday, ilikupasa uwe na pembe.

Wachungaji weusi, wakiongozwa na James Gordon wa kituo cha yatima cha Brooklyn, walilalamika. Meya hakuwa na nafasi ya kuwaona. Kelele zilipozidi, Ota Benga alitolewa mwishoni mwa mwezi, akapokewa na Gordon. Machi 1916 alijiua huko Virginia. Gazeti la New York Times likawafahamisha wasomaji kwamba habari za kuonyeshwa kwake hazikuwa na msingi: alikuwa mwajiriwa tu. Mwaka huohuo Madison Grant, katibu wa chama chenu, alichapisha kitabu cha kupanga binadamu kwa madaraja, yeye akiwa daraja la juu.

Nyumba mliifunga 2012. Julai 2020 mkaomba radhi, miaka 114 baada ya tukio, mkayakana na maandishi ya Grant. Haraka haina baraka, tunaelewa. Radhi nimeipokea, ila naona radhi ya taasisi hukaa kwenye faili, na mgeni wa bustani husoma vibao. Tena taasisi haijawahi kukomea mlango wa kizimba. Mlango hukomewa na mkono wa mtu mwenye jina. Kwa hiyo naomba ukuta wa nyumba ile uandikwe kwa mtindo mlioubuni wenyewe:

MKURUGENZI. William Hornaday. Asili yake Indiana. Umri miaka 51. Hulinda nyati. Kimo na uzito: hakuna aliyemwomba apande mizani.

KATIBU. Madison Grant. Hupatikana New York, katika vilabu vya matajiri. Umri miaka 40. Hupima damu za wenzake. Hajawahi kupimwa yake.

MEYA. George McClellan. Umri miaka 40. Mpole, hana madhara kwa wenye mamlaka. Husikia kengele ya chakula, hasikii wachungaji.

MTAZAMAJI. Hutembea kwa makundi makubwa siku za Jumapili. Hucheka, hutupa maneno, hurudi nyumbani kula na watoto. Spishi hii haiko hatarini kutoweka.

Gharama si kubwa: mbao nne na rangi kidogo. Mkikwama kwenye bajeti, semeni tuchangishane. Huku kwetu tumezoea kamati.



Wenu katika uhifadhi,
Msomaji wa vibao

Nakala:
Ofisi ya Meya wa New York, akipata nafasi.